Mlima Uliokaa Sebuleni Kwetu

Siku hizi kumuuliza mtu kabila lake mbele za watu si ustaarabu, lakini hakuna anayekukataza kuangalia ukuta wake. Nimeingia sebule nyingi za Dar, za Sinza, za Tabata, hata zile za ghorofani Upanga, na nakwambia msomaji wangu, ukuta hauna siri. Mtu wa Mwanza utamkuta na yale mawe yaliyobebana ziwani. Mzanzibari atakuwa na jahazi au mlango wa Mji Mkongwe. Na Mchaga? Kibo. Iwe ni kalenda ya miaka minne iliyopita isiyotolewa kwa sababu picha yake bado nzuri, iwe ni mchoro wa rangi ulionunuliwa Mwenge, lazima Kibo iwepo, na lazima iwe na kofia nyeupe kichwani.

Mimi mtu wa Pangani niliolewa kwenye ukuta wa namna hiyo. Kwa miaka mingi nilidhani mlima ni mlima tu, zote picha moja, mpaka mume wangu alipoanza kuchora mwenyewe.

Kwanza ziangalie vizuri hizo picha zinazouzwa. Mbele kuna tambarare yenye majani makavu, mgunga mmoja uliotandaza matawi kama mwavuli, tembo watatu wanakatiza, na nyuma kabisa mlima. Huo ni mlima unavyoonekana ukiwa upande wa Amboseli, Kenya. Ni mzuri, sikatai. Ila muulize mtu aliyezaliwa Machame, Kibosho au Marangu: ni asubuhi ngapi alifungua mlango akakuta tembo wamejipanga kati yake na Kibo? Aliyezaliwa kule alifungua mlango akakuta mgomba. Nyuma ya mgomba kulikuwa na mgomba mwingine, chini yake kahawa, pembeni banda la ng'ombe, na mlima wenyewe ulijitokeza kidogo tu juu ya majani alfajiri, ukafunikwa na mawingu kabla hata chai haijapoa. "Hiyo ni picha ya wageni," mume wangu hupenda kusema. "Kwetu mlima tunaishi ndani yake, hatuutazami."

Sawa. Lakini naye alipoanza kuchora, kuna vitu hakuvitazama.

Mzee wake, baba mkwe wangu, alifariki mwaka 2019. Tulimzika kihambani, kama ilivyo desturi ya kule, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Tukarudi Dar, kila mtu kazini kwake. Mwenzangu ni mtu wa hesabu, anafanya kazi benki, si mtu wa kusema yaliyo moyoni. Wiki ya tatu hivi baada ya msiba akarudi nyumbani na boksi la rangi, brashi tano na kipande cha hadibodi. "Nataka kuchora," akasema, kama mtu anayesema anataka maji ya kunywa. Basi kila Jumamosi akawa anakwenda kwa mchoraji mmoja kujifunza. Mchoraji mvumilivu kwelikweli, maana picha ya kwanza ng'ombe alifanana na meza.

(Hadibodi msiidharau jamani. Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwaka 1968 huko Oysterbay, akipaka rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alichora kama miaka minne tu kabla ya kufariki mwaka 1972, na mpaka leo kuna watu wanaosomesha watoto kwa mtindo alioacha.)

Ndani ya miaka mitatu mume wangu alichora picha kumi na moja. Nilizihesabu. Zote ni za sehemu moja: kwao, Machame, ukiwa umesimama getini unaangalia ndani. Kulia nyumba yenye bati jekundu. Kushoto migomba. Katikati miche ya kahawa, miwili ya mbele ikiwa mikubwa na myeusi kwa kivuli. Maji ya mfongo yanapita. Juu anga la bluu lililochukua nusu ya picha, na ndani ya anga Kibo nyeupe pe. Zilizidi kuwa nzuri, nakiri. Ng'ombe akawa ng'ombe. Lakini nyumba haikusogea, jua halikuhama, na getini hakupita mtu hata mmoja.

"Mbona hamna watu?" nikamuuliza siku moja.

"Watu ni wagumu kuchora."

Ni kweli, watu ni wagumu kuchora. Lakini kuku pia ni wagumu, na kuku alikuwa anawachora.

Hapo ndipo napenda nikutambulishe kwa mtu ambaye wengi wetu hatumjui, na ni aibu kwa sababu ni wa kwetu kabisa. Anaitwa Sam Ntiro. Nilisikia habari zake kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi, aliyesoma sanaa Mlimani. Ntiro alikuwa Mchaga wa Kilimanjaro, alizaliwa mwaka 1923, akaenda kusoma Makerere, Uganda, na miaka ya 1950 akasomea sanaa London katika shule ya Slade. Akafundisha Makerere. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 akapelekwa London tena, safari hii akiwa balozi wa Tanganyika. Alifariki mwaka 1993. Mtu alivaa suti za kibalozi, alikula chakula cha jioni na wakubwa wa Uingereza, lakini mkononi akishika brashi alikuwa anarudi mlimani: vilima vya kijani kibichi, migomba, na watu wadogo wadogo wengi wakifanya kazi pamoja.

Picha yake moja ya mwaka 1956 iko katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Jina lake ukiliweka kwa Kiswahili ni kama hivi: Wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Kama umeoa au kuolewa Uchagani, huhitaji kuelezwa zaidi. Unajua mbege ile imeandaliwa siku kadhaa, ndizi zimechemshwa zikaachwa, ulezi umeoteshwa, umekaushwa na kusagwa, na kwamba bila chombo hicho kufika kwa wakwe hakuna maneno yatakayosikilizwa. Mimi niliposikia jina la picha nilicheka peke yangu, nikakumbuka madumu yaliyoshushwa kwetu Pangani kutoka kwenye Hiace, na baba zangu wadogo, Waislamu safi, wakiulizana wayaweke wapi.

Lakini kilichonigusa si pombe. Ni kwamba mwaka 1956 Ntiro kazi yake ilikuwa Kampala. Mlima ulikuwa mbali. Alichora kwa kukumbuka, na ndiyo ilikuwa njia aliyofundishwa. Mwalimu wake Makerere, Mwingereza aliyeitwa Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo yale ya sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930, hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Badala ya kuwawekea chungu mezani wachore, aliwasimulia. Aliwaelezea sokoni kulivyo, mvua inavyokuja, watu wanavyotoka shamba jioni, halafu kila mtu akachore alichokiona kichwani mwake. Kwa hiyo darasa zima linasikia maneno yaleyale, na kila mmoja anatoka na kilima chake.

Na kuhusu mapenzi, kwa kuwa haya ni mambo yetu hapa: mwishoni mwa miaka ya 1950 Ntiro alimuoa Sarah Nyendwoha, Mganda wa Bunyoro, aliyesoma historia Oxford na akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu. Huyu mama alipoona waalimu wanawake wanalipwa pungufu kuliko wanaume, alisema bora afundishe bure. Huyo ndiye aliyekuwa bibi harusi wa yule mtu wa mlima. Huwa najiuliza alipoangalia zile picha za vilima vya mumewe, yeye wa Bunyoro, alikuwa anajiweka wapi ndani yake. Mimi swali hilo nilikuwa nalo, na tulikuwa karibu kwenda kulijibu.

Julai tulifunga safari. Haikuwa Desemba, ile Desemba ya Wachaga wote na foleni ya magari kuanzia Chalinze. Tuliitwa kwenye kikao cha familia. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa mila ya kule mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka. Kwa hiyo lolote litakaloamuliwa kuhusu ardhi ile linamhusu yeye kwanza, na mimi ambaye siku moja nitakuwa mama wa nyumba ile. Nikumbushe tu, kwa akina dada wanaosoma: mila ni mila, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Ijue hiyo kabla ya kikao, si baada.

Dar mpaka Moshi ni siku nzima ya basi. Kaa upande wa kulia. Ukivuka Segera milima ya Usambara inakuja, halafu ya Upare, inakusindikiza mpaka unakaribia kufika. Pale Korogwe huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu mto unaopita pale ni mto wa kwetu. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru yanakutana Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka kama mto Pangani, yanatembea mpaka nyumbani kwa baba yangu na kumwagika baharini. Mume wangu akitamba na mlima wake huwa namwambia, "Mwisho wa yote mnatuletea sisi."

Kutoka Moshi unafuata barabara ya Arusha kidogo, halafu njia panda ya Machame unakata kulia na kuanza kupanda. Hapo ndipo hewa inabadilika. Kila kona ni daraja na kila daraja ni korongo lenye maji chini. Bebeni masweta, tena mazito. Julai kule ni baridi ya kweli, na ukungu unaweza kukaa siku tatu bila kukuonyesha hata kidole cha mlima. Sisi ulitukalia siku tatu.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nikasimama getini, pale pale anaposimama mume wangu kwenye picha zake zote kumi na moja. Nilitaka kulinganisha tu. Bati jekundu sasa ni la bluu, lilibadilishwa. Kuna simtanki kubwa jeusi pembeni ya nyumba, na bomba; mfongo upo lakini maji yake hayaji kila siku, yana zamu. Kahawa imebaki mistari michache. Halafu nikaangalia pale katikati, ilipo ile miche miwili ya mbele, mikubwa, aliyokuwa akiitia giza kwa mkono mzito. Haipo. Pale ndipo lilipo kaburi la mzee, limewekwa marumaru nyeupe, na sale limepandwa kila upande.

Miaka mitatu, picha kumi na moja, na kila mara alikuwa anapanda kahawa juu ya kaburi la baba yake.

Sikumwambia pale pale. Kuna mambo hayasemwi kabla ya uji.

Kikao kilikaa siku ya pili sebuleni kwa mama, mtori mezani, moshi wa kuni unatoka jikoni. Hoja ilikuwa moja. Shemeji yangu mkubwa alitaka kahawa iliyobaki ing'olewe, yapandwe maparachichi, yale ya kusafirisha nje. Majirani wengi wamefanya hivyo, wanunuzi wanafuata mpaka shambani. Mume wangu akakataa. Akasema ile ni kahawa ya mzee, mzee alitusomesha kwa kahawa ile, watoto wetu wataonyeshwa nini? Aliongea vizuri, kwa uchungu, na mashemeji wawili wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana naye. Watu wa mjini tuna ufasaha wa kutetea vitu vya kijijini.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akauliza polepole, "Hiyo kahawa unaichuma wewe?"

Kimya.

"Dawa ya chulebuni unapiga wewe? Kuimenya, kuiosha, kuianika, kuikimbiza ndani mvua ikija, ni wewe? Mgongo huu ni wako?"

Mama ana miaka sabini na mbili. Anachuma kahawa punje kwa punje, zilizoiva tu, na kuzirudia tena na tena mpaka msimu uishe. Kijana wa kumsaidia anapatikana akitaka. Nilimwangalia mume wangu nikaona anamtazama mama yake kama mtu aliyewashiwa taa ghafla. Kikao kikaahirishwa mpaka kesho yake jioni, bila mtu kusema kwa nini.

Usiku ule, chini ya blanketi mbili, ndipo nilipomwambia nilichokiona getini. Nilimwambia tu: katika picha zako pale kwa mzee pana kahawa. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema, "Najua. Nikifika pale mkono unapita wenyewe."

Alfajiri ya siku ya nne ukungu ukafunguka. Aliniamsha saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa amekuja na hadibodi moja ndogo na rangi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchora alikuwa na kitu chenyewe mbele ya macho yake. Nikakaa kwenye kigoda na chai yangu kumwangalia. Wapenzi wasomaji, kama hamjawahi kukaa saa tatu mkimtazama mwenzi wenu akifanya kazi ambayo hailipwi na haina bosi, jaribuni. Unajifunza mambo ambayo fungate haikufundishi.

Kitu cha kwanza kilichomsumbua ni anga. Dar alizoea kugawa hadibodi nusu kwa nusu, chini shamba, juu bluu. Pale getini alikuta hakuna anga. Migomba inafunika kila kitu. Bluu iliyopo ni kama kiganja, inachungulia kati ya jani na jani. Cha pili ni kijani. Nyumbani alikuwa na kijani chake kimoja, anakiongeza nyeupe au nyeusi. Sasa akakuta jani changa la mgomba lina njano ndani yake, jani la zamani limechanwachanwa na upepo na kingo zake zimekuwa kahawia, jani la kahawa ni zito linang'aa kama limepakwa mafuta, na majani ya ng'ombe ni rangi nyingine kabisa. Alichanganya, akafuta, akachanganya. "Nilikuwa nafikiri napafahamu," akasema, si kwa huzuni, kwa mshangao.

Cha tatu ni theluji. Alikamua rangi nyeupe nyingi kama kawaida yake, akainua macho kuiangalia Kibo, akaiangalia tena nyeupe yake. Akachukua kisu, akairudisha sehemu kubwa kwenye kopo. Kibo ya utotoni kwake, ya miaka ya themanini, ilikuwa na barafu kuliko hii. Wanasayansi waliopima wanasema kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilipotea, na taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 ilisema barafu iliyobaki inaweza kuisha ifikapo 2050. Tumezisoma namba hizo mara ngapi kwenye simu na kupitiliza? Mtu mzima alizielewa alipotakiwa kuamua rangi nyeupe kiasi gani.

Kaburi alilichora mwisho. Alilipita kwanza, akachora nyumba na bati lake la bluu, akachora simtanki (alinilalamikia sana hilo simtanki, baya mno, lakini akaliweka). Halafu akarudi katikati. Hakutumia giza. Ikawa marumaru nyeupe ndogo, jua la asubuhi limepiga upande mmoja, na masale ya kijani. Nyeupe ile ile iliyobaki kutoka kwenye mlima.

Mama alitoka na ndoo ya maziwa akasimama nyuma yetu. Aliitazama picha kwa muda. Nilitegemea atasema jambo kuhusu kaburi. Akasema, "Mbona mimi simo? Nimepita hapo mara nne tangu uanze."

Basi mume wangu akamchora. Kiumbe kidogo chenye kitenge cha njano kati ya nyumba na banda, kimebeba ndoo, kimeinama kidogo mbele. Uso hauna, mikono ni mistari miwili. Lakini ukimjua mama mkwe wangu utamtambua kwa ile inama yake.

Jioni kikao kilimaliza kwa dakika ishirini. Kahawa itang'olewa yote sehemu ya chini, yapandwe maparachichi; juu, karibu na nyumba, itabaki mistari miwili, na gharama ya kijana wa kuitunza ni ya mume wangu kila mwezi, siyo ya mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa pendekezo. Shemeji mkubwa akamwambia, "Sasa umeongea kama mwenye kihamba." Na mama akaniita mimi pembeni, akanionyesha kona ya nyuma ya jiko, akasema pale nipande ninachotaka mimi, cha kwetu Pangani kama kitaota. Nazi haitaota kule juu, mkwe mnamwambiaje? Nimeanza na mchaichai.

Tumerudi Dar na zoezi jipya, tumeliiba kwa yule mwalimu wa Makerere. Jumapili moja moja, watoto wakilala mchana, mmoja anasimulia na mwingine anachora. Huhitaji kujua kuchora, kalamu ya risasi na karatasi ya nyuma ya bili ya umeme inatosha. Masharti ni kwamba anayechora haulizi ramani, anauliza tu: kulikuwa na nani? Kunanukia nini? Ulikuwa umesimama wapi? Mimi nilimsimulia Pangani ya utoto wangu, tukisubiri kivuko cha kwenda Bweni, minazi upande wa pili, bibi yangu ameshika kapu la ngisi. Akachora bahari ya bluu. Nikamwambia hapana, pale mto unapoingia maji ni ya kahawia, ni udongo umetoka huko kwenu njiani. Akacheka, akachovya kidole kwenye chai akapaka.

Nami nilipochora alichosimulia yeye, siku mzee alipomfundisha kugeuza maji ya mfongo kwa jembe, niligundua kwamba miaka tisa ya ndoa sikuwahi kujua kama mfongo ule ulikuwa upande wa kulia au kushoto kwa baba yake. Alikuwa upande wa kushoto. Alikuwa amevaa buti moja tu, ya pili ilikuwa imenasa kwenye tope, na wote wawili walikuwa wanaicheka.

Kama na nyie mnatoka sehemu mbili tofauti, na ni wangapi mjini hapa hatutoki sehemu mbili tofauti, fanyeni hivyo kabla ya kubishana nani atajenga kwao kwanza. Utashangaa mwenzio amekuweka wapi kwenye picha yake, au kama amekuweka.

Zile picha kumi na moja ziko stoo, hazijatupwa. Sebuleni iko hiyo ndogo ya hadibodi, ya simtanki. Wageni wengi wanaipita bila kujua ni Kilimanjaro, kwa sababu Kibo yenyewe ni doa dogo juu ya jani la mgomba. Wiki iliyopita mama amepiga simu: miche ya parachichi imeshika, mchaichai wangu umeliwa na mbuzi wa jirani lakini mzizi upo, na Desemba tukija tusisahau betri za redio. Akaniuliza pia kama yule wa kwenye picha bado amebeba ndoo. Nikamwambia bado, mama. Akasema mwambie huyo mume wako ampumzishe, amchoree kiti.